Mwendo Una Sababu Yake

Mgonjwa wa nyonga huanza kupimwa kabla hajajua kwamba anapimwa. Anaitwa jina, anainuka kutoka kwenye benchi, anavuka chumba kwenda kitandani. Mtaalamu wa fiziotherapia, anayeonekana ameshughulika na mafaili, tayari ameona ameegemea mkono gani wakati wa kuinuka, mguu upi umetangulia, na kwamba kila akikanyaga kwa mguu wa kulia kiwiliwili chote kinalalia kulia. Mtu akiambiwa "hebu tembea nikuone" hujikaza, hunyoosha mgongo na kuficha anachoweza kuficha. Wajuzi wa kazi hii huziwahi zile hatua za mwanzo.

Kutoka kisigino kinapogusa chini hadi kisigino hicho hicho kiguse tena hupita takriban sekunde moja. Kwa mwendo wa kawaida, mguu hukaa chini kama asilimia 60 ya muda huo na hewani asilimia 40. Mmarekani Jacquelin Perry, aliyeanza kama mtaalamu wa fiziotherapia jeshini kabla ya kuwa daktari wa upasuaji wa mifupa, aliigawa sekunde hiyo katika vipande vinane, na mwaka 1992 akachapisha kitabu ambacho bado ni msingi wa somo hili. Maabara za Ulaya na Marekani huupima mwendo kwa kamera nyingi na sakafu zinazopima nguvu ya unyayo. Kwa anayefanya kazi Masasi au Newala, mkoani Mtwara, korido, mstari wa chaki na simu inayopunguza kasi ya video vinatosha kuanzia.

Kinachobaki ni kujua unachotafuta.

Wachukue watu wawili ambao ncha ya mguu wao inakwaruza chini. Wa kwanza amepata kiharusi: mguu umekakamaa, goti halikunjiki vizuri, kwa hiyo anauzungusha kwa nje, nusu duara, ndipo autue. Wa pili ukoma umemharibia mshipa wa fahamu unaopita pembeni mwa goti: unyayo unaning'inia, naye anainua goti juu kama anayekwea ngazi. Tatizo ni lile lile, kuvusha vidole bila kujikwaa, lakini kila mwili umelitatua kwa njia yake. Anayeona kuchechemea tu atawapa zoezi moja. Anayeuliza mwili unakwepa nini atampa wa kwanza mazoezi ya kulegeza na kukunja goti, na wa pili kifaa cha kushikilia unyayo.

Yule wa nyonga naye ana sababu. Daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg alieleza mwaka 1895 kwamba misuli ya ubavu wa nyonga ikilegea, kiuno huanguka upande wa pili kila mguu mbovu unapobeba mwili peke yake. Kulalia upande unaouma ni kujiokoa: uzito unasogezwa juu ya kiungo, misuli inapumzika. Ukimwamuru asimame wima bila kumpa kitu kingine, umemwongezea maumivu. Mpe kwanza fimbo, tena aishike kwa mkono wa upande mzima, tofauti na watu wengi wanavyodhani, kisha misuli ijengwe polepole.

Ufundi huu hauwezi kufanywa bila kuijua ardhi. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ukitazama chini bonde la Ruvuma. Juu kule mchanga hunywa mvua, na kwa vizazi wanawake wameteremka mabondeni kufuata maji na kupanda tena na mzigo kichwani. Shingo zao zina mengi ya kufundisha. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Kenya na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliopimwa walibeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia oksijeni ya ziada. Mwaka 2010 utafiti wa Afrika Kusini haukuuona unafuu huo kwa wanawake wa Kixhosa. Kwa hiyo anayekuja na maumivu ya shingo hapimwi kwa kanuni ya jumla. Anawekewa ngata na ndoo, aonwe anavyobeba yeye.

Na korosho je? Msimu ukifika, mtu huinama kiunoni magoti yakiwa yamenyooka, anaokota, ananyonga korosho itoke kwenye bibo, anasogea hatua moja, anainama tena. Mgonjwa wa mgongo anayeinua miguu vizuri kitandani bado hajapona kama hawezi kazi hiyo, wala kuchuchumaa chooni, wala kuinuka kwenye mkeka.

Wamakonde wenyewe hawakungoja hospitali ili wautazame mwili. Katika ngoma zao za barakoa, mwanamume huvaa kiwiliwili cha mti chenye tumbo la mjamzito, kisha huuigiza mwendo wa mjamzito huyo: mgongo umebinuka, miguu imeachana, hatua fupi. Barakoa ikiwa nzuri na mwendo ukakosewa, watazamaji hawaridhiki.

Jicho hilo huweza kutoka chumba cha mazoezi likafika jikoni. Mwaka 1988, wakati wa uhaba wa chakula, watu wa Masasi walipata sumu kwa kula muhogo mchungu ulioandaliwa kwa njia ya mkato. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ikaripotiwa mkoani Mtwara: ugonjwa unaokakamaza miguu yote miwili ghafla, na unaompata zaidi mtoto au mwanamke anayeishi kwa muhogo wenye sianidi na kukosa protini ya kutosha. Kati ya vigezo vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1996, cha kwanza ni mwendo: miguu iliyokakamaa sawasawa, inayoonekana mtu akitembea au akikimbia. Ukali wake nao hupimwa kwa kuangalia kama anatembea bila msaada, kwa fimbo, au hawezi kabisa.

Konzo haiponi. Kunyoosha misuli na kutoa mikongojo humsaidia aliyekwisha kuipata. Lakini watoto wawili wa kitongoji kimoja wanaotembea kwa vidole, magoti yakisuguana, wanamlazimu mtaalamu kuuliza unga wa nyumbani umeandaliwaje, na kumwita ofisa lishe. Unga uliolowanishwa kwa maji na kutandazwa tabaka jembamba, kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, hupoteza sehemu kubwa ya sumu yake kabla haujasongwa ugali.