Kiatu Hakimwinui Mtu

Samaki mkunje angali mbichi: ndiyo methali anayotupiwa mtu mzima akisema anataka kujifunza baleti. Methali hiyo haikukosea yote. Mtoto aliyeanza akiwa na miaka 8 hukua pamoja na mazoezi yake. Mwanamke wa miaka 40 anayeshinda kitini ofisini huja darasani na nyonga zilizokwisha kuamua mwisho wake uko wapi, kifundo kilichowahi kuteguka, na mgongo uliozoea kuinamia meza. Hata hivyo, saa za kazi zikiisha huko London, Paris na New York, wahasibu, wauguzi, walimu na wastaafu huvua viatu vya kutwa, wakasimama kando ya upau wa mbao na kuanza kukunja magoti taratibu kwa kufuata piano. Miongoni mwao wamo wenye shauku moja inayozidi nyingine zote: siku moja wasimame juu ya ncha za vidole.

Naitetea shauku hiyo, na sababu yangu huenda ikawashangaza wanaoiona baleti kuwa urembo wa satini na tepe. Kule kusimama juu hudumu nukta chache tu. Kinachostahili sifa ni ile kazi ndefu, isiyopigiwa makofi, inayomfanya mtu astahili kufika huko. Kiatu hakimwinui mtu. Humpokea aliyekwisha kujua kujiinua.

Historia yenyewe inashuhudia. Tarehe 12 Machi 1832, katika Opera ya Paris, Marie Taglioni alicheza La Sylphide, baleti iliyotungwa na baba yake, Filippo. Hakuwa wa kwanza kupanda juu ya vidole. Waliomtangulia walifanya hivyo zaidi ili kuwashangaza watazamaji, na jitihada yao ilionekana mabegani na mikononi. Taglioni alikitia kitendo kile ndani ya hadithi: alikuwa kiumbe wa hewani asiye na uzito, na vidole vyake vilimsadikisha mtazamaji. Viatu vyake vilikuwa laini, vya satini, vimetililiwa kwa uzi pembeni na kwenye ncha ili visitanuke. Havikuwa na ncha ngumu ya kumbeba. Kilichombeba ni miguu iliyofinyangwa na baba yake kwa saa nyingi za mazoezi ya kila siku huko Vienna, kabla hajajitokeza jukwaani mwaka 1822.

Kiatu kigumu kilikuja baadaye, katika karne hiyohiyo, wakati wachezaji wa Italia walipoanza kusifika kwa nguvu na mizunguko yao. Mmoja wao, Pierina Legnani, alizunguka mara 32 juu ya mguu mmoja katika baleti ya Swan Lake huko St Petersburg mwaka 1895, na tangu hapo kila anayepewa nafasi ile hupimwa kwa hesabu hiyo. Utaratibu wa matukio haya ndio fundisho lenyewe. Nguvu ilitangulia, kiatu kikafuata. Mtu mzima akiugeuza utaratibu huo, ataumia.

Kiatu chenyewe ni kazi ya mikono iliyo hai mpaka leo. Katika karakana za Freed, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1929, kila fundi ana alama yake anayoigonga kwenye soli, kama vile nanga, taji au samaki, na kuna wachezaji wanaomfuata fundi mmoja kwa miaka bila hata kuonana naye. Wengi hudhani ndani ya ncha mna mbao au chuma. Hamna. Kisanduku cha vidole hujengwa kwa tabaka za kitambaa, gunia na karatasi zilizopakwa gundi. Kiatu hushonwa nje ikiwa ndani, kisha hupinduliwa, hugongwa nyundo mpaka kipate umbo, na gundi huachwa ikauke kwa joto. Chini ya wayo hupita uti wa kadibodi au ngozi. Kwa hiyo kinachomshikilia mchezaji hewani ni vitu vinavyolainika kwa jasho, na mchezaji mkuu anaweza kukimaliza kiatu kipya katika onyesho moja.

Sasa tuutazame mguu utakaoingia humo. Una mifupa 26. Tukisimama kawaida, uzito hugawanyika kati ya kisigino na sehemu ya mbele ya wayo. Juu ya ncha, uzito wote hushuka kwenye eneo la sentimita chache. Hapo kifundo husimama kama mlingoti wa jahazi: hushikiliwa kutoka kila upande, na kamba moja ikilegea, upepo mdogo tu unatosha. Kamba hizo ni misuli ya shavu la mguu, misuli midogo ya ndani ya wayo, na ile ya pembeni inayozuia kifundo kisipinduke. Juu yake kuna nyonga, na juu ya nyonga kuna tumbo na mgongo vinavyoubeba mwili ili usiuangukie mguu. Ndiyo maana mwalimu anayejua kazi hutazama kiuno cha mwanafunzi kabla ya kutazama vidole.

Mtu mzima ana faida moja juu ya mtoto: mifupa yake imekomaa, kwa hiyo ile hofu ya kuumiza sehemu laini ambako mfupa hurefukia haimhusu. Hatari yake iko kwingine. Misuli huongeza nguvu ndani ya wiki kadhaa, lakini kano na mifupa huchukua miezi kuzoea mzigo mpya. Mtu hujihisi tayari kabla hajawa tayari. Katika pengo hilo ndimo kano ya kidole gumba, inayopita nyuma ya kifundo, huanza kuvimba. Ndimo mfupa wa pili wa wayo hupata ufa mwembamba. Ndimo mifupa ya nyuma ya kifundo hubanana kila mguu unaponyooshwa. Aliyekoma hedhi, au aliyewahi kuambiwa mifupa yake imepungua uimara, amwone daktari kwanza. Na anayejinyima chakula ili afanane na picha za wachezaji ajue kwamba mfupa usiolishwa haujengeki.

Walimu wana vipimo vyao. Cha kwanza ni mnyooko: mguu ukinyooshwa, je, sehemu yake ya juu hufika kwenye mstari mmoja na muundi? Asiyefika atasimama nyuma ya ncha badala ya juu yake, kisha atakunja goti ili kufidia. Cha pili ni nguvu: kuinuka kwa mguu mmoja mara 20 au zaidi mfululizo, goti limenyooka, kisigino kikifika mwishoni kimo kilekile kilichofika mwanzoni. Cha tatu ni kutua: kuruka kwa mguu mmoja na kushuka kupitia vidole, wayo na kisigino, kiwiliwili kisiporomoke. Cha nne ni goti lenyewe: likikunjwa, lielekee juu ya vidole, lisilalie ndani. Hapo ndipo nyonga hufichua siri, kwa maana miguu inayotazama nje hugeuzwa kutoka nyongani. Anayelazimisha nyayo zitazame pembeni wakati nyonga zimekataa hulipisha magoti yake. Kwa mtu mzima aliyeanzia sifuri, kufaulu vipimo hivi kwa kawaida huhitaji miaka ya kuhudhuria darasa zaidi ya mara moja kwa wiki.

Siku ya viatu ikifika, visinunuliwe kwa kubahatisha namba. Anayepima hutazama upana wa mguu, urefu wa kila kidole na uvungu wa wayo, akiwa amemsimamisha mteja. Vidole vikae vimenyooka, visikunjike wala kupandana. Kiatu kikubwa huacha mguu uzame mpaka kidole gumba kibebe peke yake mzigo ambao ungegawanywa. Kiatu kikishalegea uti au ncha, hicho kimekufa, na ubahili wa kuking'ang'ania hugharimu kifundo.

Miezi ya kwanza ni ya unyenyekevu mtupu: dakika 10 au 15 mwishoni mwa darasa, mwili ukiwa umepata joto, mikono miwili juu ya upau, miguu yote miwili kwa pamoja. Panda kupitia nusu ya vidole, simama, shuka. Kupanda kunaweza kudanganya, kwa kuwa mtu hujirusha akafika. Kushuka hakudanganyi. Kisigino kinachorudi sakafuni taratibu, bila kishindo, husema wazi kama mguu unatawaliwa au unaachiliwa tu. Ukitaka kumjua mchezaji stadi, usimtazame anapofika juu, msikilize anapotua.

Kuhusu maumivu, kuna uongo mmoja uliopambwa mno: kwamba damu ndani ya satini ni nembo ya ushujaa. Malengelenge na uchovu wa misuli ni mambo ya kawaida. Maumivu makali yanayochoma sehemu moja ya mfupa, uvimbe usioisha, ganzi, au maumivu yanayokuamsha usiku ni amri ya kusimama na kutafuta tiba. Anayecheza juu ya jeraha hajathibitisha mapenzi yake kwa sanaa. Ameifupisha tu safari yake.

Kwa muda mrefu sanaa hii ilifungiwa si kwa umri pekee bali pia kwa rangi. Viatu vilitiwa pinki kufuata ngozi za Ulaya, na wachezaji weusi walikaa jioni wakipaka vipodozi juu ya satini ili mstari wa mguu usikatike machoni pa mtazamaji. Dance Theatre of Harlem, kundi ambalo Arthur Mitchell alishiriki kuliasisi mwaka 1969, lilianza kuvaa rangi za ngozi za wachezaji wake katika miaka ya 1970. Freed walitoa viatu vya kahawia, wakishirikiana na kundi la Ballet Black la London, mwaka 2018 tu. Nairobi nayo ina wachezaji wake: Joel Kioko, kijana aliyekulia katika mtaa wa mabanda, alifika hadi English National Ballet School huko London. Milango hiyo ilifunguliwa na watu waliokataa kuambiwa kwamba baleti ina wenyewe.

Mlango wa umri nao umekwisha kusukumwa. Mchezaji Rudolf Nureyev aliingia shule kuu ya baleti ya Leningrad akiwa na miaka 17, umri ambao wenzake walikuwa wakikaribia kuhitimu. Mwaka 1962 alicheza baleti ya Giselle na Margot Fonteyn, aliyekuwa na miaka 42 na ambaye wengi walidhani anaelekea kustaafu. Hao walikuwa watu wa kipaji adimu, na mwanafunzi wa jioni hafaidiki kwa kujilinganisha nao. Yeye ana kitu ambacho wao hawakuwa nacho: hakuna anayemngoja. Hana mkataba wala onyesho la Ijumaa. Muda, unaomkimbiza mtoto anayetafuta kazi jukwaani, yeye haumkimbizi. Anaweza kurudia kukunja magoti mpaka kukunja magoti kwenyewe kuwe kuzuri, na anajua, kwa akili ya utu uzima, kwa nini analirudia zoezi lile.

Basi ukitaka kuanza, anza. Mtafute mwalimu anayeuliza juu ya majeraha yako ya zamani kabla ya kuuliza ndoto zako. Akikuambia bado, mshukuru na uendelee kuinuka na kushuka. Akikuambia ununue viatu vya ncha siku ya kwanza, chukua mkoba wako uondoke. Na ikitokea mifupa yako isikuruhusu kamwe kupanda juu ya ncha, usiache darasa: kusimama wima, kukunja magoti vizuri na kutua bila kishindo ni baleti kamili, na wapo wengi waliovaa satini ambao hawajayaweza hayo.