Heko, Madereva wa Malindi

Julai 2023 ushuru wa VAT kwa mafuta ulitoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Septemba lita ya petroli ilishapita shilingi 200. Bei mpya hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, lakini nauli ya matatu haipandi kirahisi hivyo. Mama anayepandia Matsangoni na beseni lake la samaki ana noti moja tu, na dereva anamjua. Basi atampakia, kisha jioni apige hesabu: mafuta, mwenye gari, makanga, halafu chake, kama kimebaki. Madereva wakiegesha magari na kugoma, mimi siwalaumu (hata nikitembea kwa miguu). Nawapongeza kwa siku zile nyingine zote wanazoendesha, Gede hadi Mtwapa, kabla ya alfajiri.