Nyumba ya Nani?

Katika vijitabu vya mazishi vinavyochapishwa siku hizi Kisii, Keroka na Nyamira, nasaba ya marehemu huandikwa kwa mstari mmoja wa wanaume: mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, wa ukoo fulani wa Kitutu au Bobasi. Mama hutajwa, nyanya mara mojamoja, na mama yake babu hafiki kwenye karatasi. Wazee wa Abagusii waliokuwa mabingwa wa kusimulia ukoo wasingekubali hesabu ya namna hiyo. Ukiwatajia jina la babu, walikuuliza: nyumba ya nani? Babu mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, na mjukuu asiyejua ametoka katika nyumba ipi alihesabiwa kuwa bado hajajieleza. Ufundi huo wa kufuata ukoo nyumba kwa nyumba ndio ninaousifu hapa. Naamini ndio njia ya hakika zaidi ya kumpata mwanamke aliyeishi kabla ya vyeti na vitambulisho, nasi tunauacha ufe huku tukinung'unika kwamba wanawake wa zamani hawakuacha alama.

Alama zipo, na kubwa kuliko zote ni ng'ombe. Kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake ya wimbi na mifugo iliyogawiwa nyumba hiyo. Binti alipoolewa, mahari yake ilikuwa mali ya nyumba ya mama yake, na kwa kawaida ng'ombe haohao ndio waliomwolea kaka yake wa tumbo moja. Kwa hiyo mzee aliyekumbuka ng'ombe alikumbuka wanawake wasiopungua watatu kwa pamoja: binti aliyewaleta, mama aliyeimiliki nyumba, na mke aliyetolewa ng'ombe hao. Baba akithubutu kuwachukua ng'ombe wa nyumba moja kumwozea mwana wa nyumba nyingine, deni hilo halikusahauliwa. Lilidaiwa hata na wajukuu. Mambo ya deni hukumbukwa kwa makini kuliko mambo ya sifa, na ndiyo maana simulizi hii ina uzito wa ushahidi. Tena nyumba haikuzimika kwa kukosa mwana wa kiume. Mwanamke asiye na mwana aliweza kutoa mahari na kuoa mke, na watoto wa mke huyo wakawa wa nyumba yake, wakiiendeleza. Leo wapo watu wanaotokana na nyumba kama hizo wasiojua kwamba kichwa cha ukoo wao ni mwanamke aliyeamua usife.

Sasa tazama karatasi za serikali ya kikoloni. Kodi ya nyumba ilihesabu nyumba za wake mojamoja, lakini aliyeandikwa ni mume aliyelipa. Kipande, kile kitambulisho cha shingoni, walivishwa wanaume peke yao. Hata mwanamke mashuhuri kuliko wote wa zama hizo, Moraa wa Ngiti wa Kitutu, anajulikana kwa sababu ya tukio moja tu: Januari 1908, kwa kuchochewa naye, Otenyo alimchoma mkuki ofisa Mwingereza Northcote, na jeshi likaja kuchoma nyumba na kuteka ng'ombe. Northcote alipona, akaendelea na utumishi hadi akawa Gavana wa Hong Kong kuanzia 1937, na maisha yake yanaweza kufuatwa mwaka kwa mwaka katika nyaraka. Moraa tumebaki naye kwa siku za mkuki. Mashamba aliyolima, ng'ombe waliomwoa, binti wa nyumba yake walikoolewa, hayo hayakumhusu karani yeyote. Aliyeyajua ni mzee wa ukoo, au mjane aliyeketi naye.

Yapo mapingamizi, na ni ya haki. Wapo wanaosema kumbukumbu ya wazee hupindishwa, hasa shamba linapogombaniwa, na milimani kwetu shamba hugombaniwa daima. Ni kweli. Lakini mwanamke ana mashahidi wa pande mbili. Kwa kuwa mtu haoi katika ukoo wake, kila nyanya anakumbukwa alikozaliwa na alikoolewa, na koo hizo mbili hazina sababu ya kutunga uongo mmoja. Mahali zinapokubaliana pana msingi. Kisha kuna matukio ya kupimia umri: Wajerumani walipoingia Kisii Septemba 1914, homa kuu ya 1918, nzige waliokuja miaka kumi hivi baadaye. Na mahakama zenyewe zimehifadhi mengi. Mwanahistoria Brett Shadle ameandika kitabu kizima juu ya ndoa za Gusii kwa kutumia kesi za mahari na za mabinti waliotoroka na wapenzi wao. Anayetafuta faili za enzi hizo akumbuke kwamba Nyamira haikuwa wilaya bado. Aanzie faili za wilaya ya South Kavirondo. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba njia hii humwona mwanamke kama mama na kama mahari tu. Nakubali. Aliyekufa msichana, au aliyekimbilia mbali kabla ng'ombe hawajatolewa, anaponyoka. Hata hivyo, kasoro ya wavu haituruhusu kuwatupa samaki walionaswa.

Sheria ya Urithi ya Kenya, inayotumika tangu 1981, katika kifungu cha 40 inaagiza mali ya mume wa wake wengi asiyeacha wosia igawanywe kwa nyumba, kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, mke aliye hai naye akihesabiwa. Kwa hiyo swali la wazee bado linaulizwa mahakamani, na familia zilizopuuza kulijibu nyumbani hulijibu huko kwa gharama na uadui. Ndugu msomaji, kabla ya kupeleka kijitabu kijacho kwa mchapaji, nenda kwa mwanamke mzee kuliko wote katika boma lenu. Muulize jina la mama yake babu, ukoo alikotoka, na ng'ombe waliomwoa walitokana na binti yupi. Uyaandike yote, kisha uende kwa wajomba wa babu ukahakikishe.