Baruti si Moja: Uhakiki wa Istilahi za Kujaza Maganda ya Risasi

Nililetewa rasimu ya tafsiri niisome na kuitolea maoni kabla haijapigwa chapa. Ni tafsiri ya mwongozo wa Kimarekani uwafundishao wawindaji na walenga shabaha jinsi ya kujaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, na sehemu yake kubwa yahusu kuchagua baruti ifaayo kwa bunduki ya mifuo, yaani ile ambayo kasiba yake imechongwa mifuo ndani ili risasi itoke ikizunguka. Huko Marekani, na katika baadhi ya nchi za Ulaya, kazi hii ni ya kawaida. Mtu huokota maganda yake ya shaba nyeupe na njano, huyasafisha, hutia fataki mpya, humimina baruti kwa kipimo, kisha hukaza risasi mpya mdomoni mwa ganda. Hupunguza gharama, na akiwa mwangalifu hupata shabaha iliyo bora.

Kwetu kazi hii si ya kawaida, na msomaji aweza kuuliza kwa nini tujishughulishe nayo. Jibu ni kwamba maneno hayangoji kazi ifike. Karani wa forodha hukutana nayo katika hati za mizigo. Mkalimani hukutana nayo mahakamani. Mwalimu wa kemia huulizwa na wanafunzi wake. Aidha, makosa niliyoyakuta katika rasimu hiyo si ya mfasiri wake pekee. Ni makosa ambayo lugha yetu, kama tulivyoiacha hadi sasa katika fani hii, humwalika kila mfasiri kuyafanya. Katika fani nyingi istilahi mbovu humchosha msomaji tu. Katika fani hii yaweza kumpasulia bunduki usoni.

Neno moja kwa vitu vitatu

Kiswahili kinalo neno baruti tangu zamani, na ni neno zuri. Tatizo ni kwamba leo tunalitumia kwa vitu vitatu visivyofanana. Kwanza ni unga wa kale wa shura, makaa na kiberiti, ambao wazee waliushindilia katika gobore kwa mdeki. Pili ni kitu kinachotiwa katika risasi za kisasa, ambacho asili yake ni nitroselulosi. Tatu ni vilipuzi vya kupasulia miamba. Ndiyo maana wachimba mawe husema kwamba mwamba umepigwa baruti, hata kama hakuna chembe ya unga wa kale iliyotumika.

Rasimu yasema baruti, baruti, baruti, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa Mmarekani aliyezoea kazi yake hapana hatari, kwa sababu mwongozo wa asili hutenga kila aina kwa jina lake. Msomaji wa Kiswahili hana kinga hiyo. Mwenye gobore akisoma kwamba atie baruti, naye ana kopo la baruti ya kisasa, hana sababu ya kusita. Akijaza kwa ujazo uleule aliouzoea, kasiba iliyofuliwa kwa ajili ya unga wa kale haitastahimili shinikizo hilo. Itapasuka.

Tofauti hii si jambo la jana. Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti ya kwanza ya nitroselulosi iliyofaa kwa bunduki za jeshi mwaka 1884, na bunduki ya Lebel ya mwaka 1886 ndiyo iliyoitumia kwanza. Alfred Nobel alifuata mwaka 1887 na aina yake iliyochanganya nitrogliserini, na Waingereza wakapata ya kwao, kodaiti, mwaka 1889. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliousaini, ulizuia kuingizwa kwa silaha na risasi katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliruhusu, kwa masharti, bunduki za gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida iliyokuwa ikiitwa baruti ya biashara. Sheria, basi, ilikwisha kuzitenga baruti hizi mbili zaidi ya karne moja iliyopita. Sisi bado twaziita kwa jina moja.

Rangi na moshi havitoshi

Katika mahali pachache ambapo rasimu inajaribu kutofautisha, inasema “baruti nyeusi” kwa unga wa kale na “baruti isiyo na moshi” kwa ile ya kisasa. Haya ni majina yaliyotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, na yote mawili yana kasoro.

Tuanze na moshi. Hapana shaka kwamba moshi ulikuwa alama kubwa wakati wa mageuzi. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani katika Afrika ya Mashariki zilikuwa bado na bunduki za mfano wa 1871, na wingu la moshi liliwafichua wapigaji mahali walipojificha. Lakini baruti ya kisasa nayo hutoa moshi, ijapokuwa ni mchache. Mtu akiuona moshi huo atadhani kwamba anayo ile aina nyingine.

Rangi ni mbaya zaidi. Baruti nyingi za kisasa hupakwa grafiti ili chembe zake zitiririke vizuri katika kipimo na zisikusanye umeme tuli, na grafiti ni nyeusi. Basi mtu afunguaye kopo la baruti ya kisasa huona chembe nyeusi au za kijivu. Kwa Mwingereza jina hilo limekwisha kuganda likawa nembo, wala hafikirii rangi. Kwa Mswahili, baruti nyeusi ni baruti iliyo nyeusi, na hiyo ndiyo aionayo koponi. Jina linamdanganya mahali hasa ambapo lilipaswa kumwonya.

Napendekeza tuache rangi na moshi, tutaje asili. Unga wa kale uitwe baruti ya shura, kwa kuwa shura ndiyo sehemu yake kubwa, na neno lenyewe limo katika Kiswahili tangu zamani. Ya kisasa iitwe baruti ya nitro. Mkemia aweza kupinga kwamba hata shura ina nitrojeni ndani yake, na ni kweli. Lakini istilahi ya matumizi haidaiwi kueleza kemia yote, yadaiwa kutenganisha. Tena, kasiba nyingi za Kiingereza zilizojaribiwa kwa baruti ya kisasa zimegongwa mhuri wenye neno nitro, na za Kijerumani herufi N. Msomaji ataweza kulinganisha neno la kitabuni na neno lililo juu ya chuma mkononi mwake.

“Kali” na “dhaifu”

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Rasimu yasema: “Kwa risasi nzito katika ganda kubwa, tumia baruti dhaifu, kwa risasi nyepesi katika ganda dogo, tumia baruti kali.” Mwongozo wa asili haukusema hivyo. Ulizungumzia upesi wa kuungua.

Baruti za nitro hazitofautiani tu kwa nguvu; hutofautiana hasa kwa muda zinaochukua kugeuka gesi. Risasi nzito husita kuondoka. Gesi ikizalishwa yote kwa mara moja ilhali risasi haijasogea, shinikizo hupanda kupita uwezo wa chuma. Kwa hiyo ganda kubwa lenye risasi nzito huhitaji baruti iunguayo taratibu, isukume risasi njia yote ya kasiba. Baruti ya bastola, ambayo hupaswa kumaliza kazi katika kasiba fupi, huungua upesi mno. Ikijazwa katika ganda kubwa la bunduki yaweza kuivunja. Watengenezaji hutawala upesi huo kwa ukubwa wa chembe, kwa umbo lake, liwe kijiti, kibapa au kitufe, na kwa dawa zinazopakwa juu yake.

Ni dhahiri, basi, kwamba baruti ya taratibu si dhaifu. Katika ganda kubwa ndiyo hutupa risasi kwa kasi zaidi, maana huweza kutiwa kwa wingi. Sasa mfikirie msomaji aliyeambiwa kwamba baruti yake ni dhaifu. Binadamu akiambiwa dawa ni dhaifu huongeza kijiko. Neno lisilo sahihi limekwisha kumpa ushauri ambao mwandishi hakuutoa. Tuseme baruti ya upesi na baruti ya taratibu, wala tusitumie kamwe kali na dhaifu.

Kadhalika, mwongozo una orodha izipangazo baruti kuanzia ya upesi hadi ya taratibu. Rasimu imeiita “orodha ya baruti zinazolingana”. La hasha! Kuwa jirani katika mfuatano si kulingana. Baruti mbili zilizofuatana zaweza kuhitaji vipimo tofauti, na kila moja hufuata jedwali lake lililotolewa na mtengenezaji kwa ganda fulani, risasi ya uzito fulani na fataki fulani. Iitwe orodha ya mfuatano wa upesi, basi.

Punje, chembe na greni

Waingereza na Wamarekani hupima baruti na risasi kwa kizio kidogo ambacho jina lake kwao ndilo pia jina la punje ya nafaka. Rasimu imekiita punje. Lakini neno hilohilo la Kiingereza ni jina la chembe moja ya baruti, na rasimu imeiita hiyo nayo punje. Tunapata sentensi kama hii: “Tia punje 45 za baruti yenye punje ndefu.” Msomaji azihesabu?

Mahali pengine rasimu imeandika gramu, kwa kuwa vifupisho vya vizio hivi viwili hukaribiana. Kizio hicho ni miligramu 64.8 hivi, 7,000 hufanya ratili moja, na gramu moja ni sawa na 15.4. Vizio 45, kwa hiyo, si gramu 45, bali ni gramu 2.9 hivi. Anayezidisha kwa kosa hili huenda akaokolewa na ganda lenyewe, kwa sababu gramu 45 hazienei ndani. Anayepunguza hana wa kumwokoa. Akisoma gramu 2.9 kana kwamba ni vizio 2.9, atatia baruti kidogo mno. Risasi itakwama ndani ya kasiba, naye akipiga ya pili nyuma yake bunduki itapasuka. Nashauri kizio kiitwe greni, kwa kutohoa, na neno chembe libaki kwa kipande cha baruti. Kutohoa si aibu pale ambapo neno letu lina kazi nyingine tayari.

Vitenzi navyo

Rasimu huiita kazi yote “kushindilia upya”. Kushindilia ni kitenzi cha gobore na mdeki: humwambia mtu asukume na kubana. Katika kujaza ganda, baruti humiminwa kwa kipimo tu, na si halali kuibana isipokuwa jedwali liseme. Kujaza ganda ni sahihi na hakuagizi jambo la ziada. Vilevile rasimu husema kwamba baruti “hulipuka” katika bunduki. Katika bunduki iliyo salama baruti huungua, ijapokuwa kwa upesi mkubwa. Kulipuka tukuachie vilipuzi vya mwamba, na ajali.

Limebaki neno risasi, ambalo ni madini, ni kitu kirukacho, na ni kitu kizima pamoja na ganda lake. Kamusi za zamani zilikiita kitu kizima kiasi cha bunduki. Jina hilo lastahili kufufuliwa, mradi liandikwe kamili, maana kiasi peke yake kitachanganywa na kipimo cha baruti.

Mapendekezo

1. Baruti ya shura: unga wa kale wa shura, makaa na kiberiti.
2. Baruti ya nitro: baruti ya kisasa yenye asili ya nitroselulosi, iwe na nitrogliserini au isiwe nayo.
3. Kilipuzi cha mwamba: kila kitumikacho kupasulia mawe.
4. Baruti ya upesi, baruti ya taratibu: kwa kadiri ya muda wa kuungua.
5. Greni: kizio cha miligramu 64.8. Chembe: kipande kimoja cha baruti.
6. Kipimo cha baruti: uzito unaotiwa katika ganda moja.
7. Kiasi cha bunduki: ganda, fataki, baruti na risasi kwa pamoja.
8. Kujaza ganda: kazi yenyewe.

Sidai kwamba maneno haya ndiyo ya mwisho. Mwenye bora zaidi na ayalete, hasa walio na uzoefu wa silaha na wasio na kalamu. Ninalodai ni moja: katika maandishi yahusuyo kujaza maganda, neno baruti lisisimame peke yake hata mara moja. Mfasiri wa rasimu ile nimemrudishia kazi yake nikiwa nimeweka alama chini ya kila baruti, na kando ya kila moja nimeandika swali lilelile: ipi?