Wimbo Chini ya Picha: Muziki wa Video za Kuchangisha na Ruhusa Zake

Julai 13, 1985, katika tamasha la Live Aid kwenye uwanja wa Wembley, London, David Bowie alimaliza zamu yake jukwaani kwa kuwaonyesha watazamaji filamu fupi. Alikuwa amekata wimbo mmoja kwenye orodha yake ili filamu hiyo ipate muda. Zilikuwa picha za njaa ya Ethiopia, zilizohaririwa na watu wa CBC, shirika la utangazaji la Kanada. Hapakuwa na msimulizi. Palikuwa na wimbo mmoja tu, "Drive" wa kundi la Kimarekani The Cars, uliokuwa umetoka mwaka mmoja kabla. Baada ya filamu kuonyeshwa, kasi ya michango ilipanda.

Kila anayehariri video ya kuchangisha fedha aitazame filamu ile kwa jicho la fundi, kwa sababu ilifanikiwa kwa njia ambayo wengi wanaiga bila kuielewa. Kwanza, wimbo wenyewe hauhusu njaa wala Afrika. Ni wa mwanamume anayemtazama mtu anayemjali akiporomoka, naye anamuuliza swali baada ya swali: mambo yakiharibika, nani atakuwa naye? Mhariri hakuongeza neno. Aliweka maswali hayo juu ya nyuso za watoto, nayo yakageuka, yakamkabili aliyeketi mbele ya televisheni. Wimbo unaomwamrisha mtu atoe fedha unampa nafasi ya kukataa, lakini swali lisilojibiwa linabaki naye.

Pili, mwendo. "Drive" ni wimbo wa taratibu: ngoma za mashine zinazopiga bila kubadilika, vinanda vya elektroniki vinavyotanda, hakuna kilele cha ghafla. Muziki wa aina hiyo unamruhusu mhariri kuiacha picha ikae mpaka macho yatulie. Angechagua wimbo wa kupanda na kulipuka, angelazimika kukata picha kufuata mapigo, na mateso ya watu yangekuwa tangazo la gari.

Tatu, na hili ndilo linalosahaulika zaidi: sauti ya mwimbaji Benjamin Orr ilikaa kwenye kiti cha msimulizi kwa kuwa kiti kilikuwa kitupu. Wimbo wenye maneno unaweza kubeba video pale tu ambapo hakuna mwingine anayezungumza. Video nyingi za asasi zetu zina mama anayeeleza kwa Kisukuma au Kigiriama, msimulizi anayefafanua kwa Kiswahili, maandishi ya Kiingereza yanayopita chini kwa ajili ya wafadhili, na juu ya yote hayo mwimbaji anayelia kwa lugha ya nne. Mtazamaji hawezi kufuata vyote. Atakayepotea ni yule mama, ambaye video ilitengenezwa kwa ajili yake.

Ukiwa na mtu anayesema, tafuta muziki wa ala peke yake. Halafu ushushe zaidi ya unavyodhani inatosha. Mwongozo wa kimataifa wa kuwafikia watu wenye ulemavu mtandaoni, WCAG, katika kiwango chake cha juu kabisa unataka sauti ya nyuma iwe chini ya sauti ya msemaji kwa angalau desibeli 20. Kwenye chumba cha kuhariri, mbele ya spika nzuri, pengo hilo linaonekana kubwa mno. Kwenye simu ya bei nafuu ndani ya daladala ndilo linalookoa maneno. Spika ya simu haitoi besi, kwa hiyo kinachobaki cha muziki wako ni sehemu ya kati, palepale sauti ya binadamu inapoishi. Ndiyo maana fidla, zumari na kinanda kinachovuta noti ndefu hugombana na msemaji, wakati gitaa au zeze linalodonolewa humwachia mianya. Sikiliza toleo la mwisho kwenye simu, bila vipokea sauti vya masikioni, kabla ya kulipeleka kwa mtu yeyote.

Filamu ile ya Wembley ina upungufu wake, nao ulikuja kuigwa kuliko ustadi wake. Waliomo hawakuwa na majina. Mmoja wa watoto walioonekana mle, Birhan Woldu, alinusurika, na Julai 2005 alisimama jukwaani Hyde Park, London, katika tamasha la Live 8, akiwa mwanamke kijana. Ilichukua miaka 20 kwa umati ule kumwona kama mtu mwenye jina. Muziki ulichangia katika hilo, maana wimbo wa huzuni ukimfunika mtu asiyetajwa jina, humgeuza kuwa huzuni yenyewe. Mwaka 2012 wanafunzi wa shirika la SAIH la Norway walitoa video ya Radi-Aid, ambamo Waafrika wanawachangia Wanorwe vifaa vya kupasha joto nyumba, wakitumia mtindo uleule wa nyimbo za hisani. Ilisambaa sana kwa sababu kila mtu aliutambua mtindo.

Msimamo wangu hapa ni mkali: piano ya kilio juu ya uso wa mtoto wa Kitanzania anayetabasamu ni uongo. Inamwambia mtazamaji kwamba tabasamu analoliona si la kweli. Vivyo hivyo ngoma zinazoitwa "za Kiafrika" kwenye maktaba za muziki za ng'ambo, zinazowekwa sawasawa kwa mvuvi wa Kilwa na mfugaji wa Turkana. Kabla ya kutafuta wimbo, tafuta sauti za mahali penyewe: mwiko ndani ya sufuria, watoto wakiitikia darasani, kwaya ikifanya mazoezi. Wakati mwingine hizo zinatosha, na hazihitaji leseni ya mtunzi wa mbali.

Zisipotosha, suala la ruhusa linaanza, na linaanza kabla ya kukata picha hata moja. Mhariri akishazoea kufanya kazi na wimbo fulani kwa wiki mbili, kuuondoa ni sawa na kung'oa nguzo nyumba ikiwa imeshaezekwa: urefu wa kila picha ulipimwa kwa wimbo ule.

Wimbo uliorekodiwa una haki mbili zinazotembea pamoja. Kuna utungo, yaani tuni na maneno, ambao ni mali ya mtunzi au kampuni inayosimamia tungo zake. Kuna rekodi, ambayo mara nyingi ni mali ya aliyeigharimia studio. Anayeweka wimbo chini ya picha anahitaji ruhusa ya pande zote mbili. Mwaka 2007 shirika la kutetea wanyama la Marekani, ASPCA, lilianza kurusha tangazo lenye wimbo "Angel" wa Sarah McLachlan, yeye mwenyewe akiwa kwenye picha pamoja na mbwa. Katika takriban miaka miwili ya mwanzo liliingiza kama dola milioni 30. Msanii akishiriki kwa hiari namna hiyo, kazi inakuwa nyepesi zaidi, lakini hata hapo mwimbaji kukubali kwa mdomo hakutoshi kama rekodi inamilikiwa na kampuni. Uliza kila mara: nani mwenye utungo, nani mwenye rekodi? Ukipata jibu moja kati ya mawili, bado hujapata ruhusa.

Hapa ndipo asasi nyingi hujidanganya kwamba nia njema ni leseni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, na ile ya Kenya ya mwaka 2001, hazikusema kwamba anayechangisha kwa ajili ya yatima yuko huru kuchukua wimbo wa mtu. Wala leseni inayolipiwa ili kupiga muziki ukumbini, hotelini au kwenye basi si ruhusa ya kuuunganisha na filamu. Huo ni mkataba mwingine, unaojadiliwa na wenye haki.

Chukua "Malaika", wimbo ambao kila mgeni anayetengeneza filamu Afrika Mashariki anautamani. Fadhili William aliurekodi Kenya miaka ya mwanzo ya 1960, na Miriam Makeba akaufikisha duniani. Adam Salim naye alidai kwamba aliutunga yeye mwaka 1945. Utamlipa nani? Tuseme unamtambua Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001. Kwa sheria ya Kenya utungo unalindwa kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, hivyo mpaka mwisho wa 2051. Rekodi, kwa sheria hiyohiyo, hulindwa miaka 50 tu tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, hivyo rekodi ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 imeshatoka kwenye ulinzi Nairobi. Lakini video yako haitaishi Nairobi peke yake. Marekani, chini ya sheria yao ya mwaka 2018, rekodi za muziki zilizotolewa kati ya 1957 na Februari 1972 zinalindwa mpaka Februari 2067, na huko ndiko waliko wengi wa wafadhili wako na ndugu zetu wa ughaibuni. Kwa wimbo mmoja wa dakika chache, una mgogoro wa mtunzi na sheria za nchi mbili zisizolingana. Ushauri wangu ni kuuacha.

Wengine hukimbilia muziki wa bure wa Creative Commons, asasi iliyoanzishwa mwaka 2001 na kutoa leseni zake za kwanza mwaka uliofuata. Ni chaguo zuri kwa anayesoma masharti. Toleo la 4.0 la leseni hizo linatamka kwamba muziki ukipangwa kuendana na picha zinazotembea, kilichopatikana ni kazi mpya inayotokana na ya kwanza. Sentensi hiyo moja inafunga milango miwili. Leseni yenye herufi ND, inayokataza mabadiliko, haikuruhusu kusambaza video yenye muziki huo, hata usipoukata. Leseni yenye SA inakutaka uitoe filamu yako kwa masharti yaleyale, maana yake kwa upande wa hakimiliki unamruhusu mtu yeyote kuichukua, kuikata na kuitumia upya. Fikiria filamu yenye nyuso za watoto wa kituo chako. Mkurugenzi aliyeahidi kuwalinda hawezi kusaini hilo.

Herufi NC, za kukataza matumizi ya kibiashara, zina utata kwa wachangishaji. Leseni inaangalia matumizi yenyewe, wala haiulizi kama anayetumia ni asasi au kampuni, na video inayomalizikia kwa namba ya kutuma pesa inaweza kubishaniwa. Mwandikie mtunzi umuulize, au chagua yenye BY pekee, inayodai tu kumtaja mtunzi, kazi yake, leseni na mabadiliko uliyofanya. Utajo huo usiuache kwenye maelezo ya YouTube peke yake. Video ikipakuliwa na kusambazwa WhatsApp, maelezo hubaki nyuma, na mtunzi anapoteza hata kile kidogo alichoomba. Andika ndani ya video, kwenye sekunde za mwisho.

Maktaba za kulipia ni jambo la haraka kueleza. Muziki unaouzwa kama usio na mrabaha si wa bure. Unalipa mara moja au kwa mwezi, na mara nyingi leseni inafungwa kwenye chaneli fulani, na video mpya hazilindwi ukiacha kulipa. Ukiwa na akaunti ya biashara ya TikTok, nyimbo zinazovuma ulizozizoea kwenye akaunti yako binafsi hazimo. Unapewa maktaba maalumu ya matumizi ya kibiashara.

YouTube wana mfumo wa Content ID unaolinganisha kila video na alama za sauti zilizosajiliwa na wenye haki. Mwenye haki anaweza kuizuia video, kuchukua mapato ya matangazo, au kufuatilia takwimu zake tu. Mfumo hautambui risiti yako. Unaweza kuwa umelipa kihalali na bado ukadaiwa siku ya uzinduzi, wageni wakiwa wameshaalikwa. Ipakie video kwa faragha siku kadhaa kabla, na uwe na cheti cha leseni karibu.

Njia ninayoipendekeza kwa asasi yoyote yenye bajeti hata ndogo ni kumwajiri mwanamuziki wa hapohapo mnapofanyia kazi. Kwaya ya parokia, kijana mwenye gitaa, mpiga zeze wa Dodoma, mpiga nyatiti wa Siaya. Mkitaka tuni inayojulikana, nyingi za vitabu vya tenzi vya kanisa ni za karne ya 19 na watunzi wake walifariki zamani. Zipigwe kwa ala bila kuimbwa, kwa sababu tafsiri ya maneno inaweza kuwa na mwenyewe. Mkataba wa kurasa mbili unatosha ukisema haya: nani anamiliki utungo na rekodi, video zipi zitatumia, nchi zote au baadhi, kwa muda gani, kama mnaruhusiwa kukata, atatajwa vipi, na atalipwa kiasi gani kabla ya kurekodi. Ongezeni kifungu kimoja ambacho wengi hukisahau: msanii akija kuusambaza wimbo huo kupitia wakala atakayeusajili Content ID, chaneli yenu iachwe nje ya madai. Bila kifungu hicho, msanii wenu wenyewe anaweza kuwafungia video bila kujua.

Msiombe wafanye bure kwa sababu ni hisani. Mpiga picha analipwa, dereva analipwa, mwenye hoteli mliyolala analipwa. Mwanamuziki naye ana kodi ya nyumba na ada ya shule. Wakurugenzi na maofisa miradi mnaoandika maombi ya ufadhili mwaka huu, wekeni mstari wa muziki kwenye bajeti ya mawasiliano, pembeni ya mstari wa kamera, na mkataba wake uwe umesainiwa kabla mhariri hajafungua kompyuta.