Fundi na Ufunguo wa Pili

Mwaka 1984 Ken Thompson, Mmarekani aliyeasisi mfumo wa kompyuta uitwao Unix pamoja na mwenziwe Dennis Ritchie, alichapisha mhadhara wake wa kupokea Tuzo ya Turing. Ni kurasa tatu tu, na ndani yake hamna vita wala jasusi. Hata hivyo, kila unapozuka uvumi kwamba serikali fulani imejiwekea njia ya siri ndani ya kompyuta za watu, mafundi huurudia mhadhara huo kama jamaa wanaorudia wasia wa mzee. Mimi nami nauheshimu, lakini nadhani umesomwa kwa heshima iliyopita kiasi. Una ukweli mkubwa mwanzoni na hukumu iliyokosa shabaha mwishoni.

Tuanze na ukweli wake. Programu huandikwa na binadamu kwa maneno yanayosomeka, kisha hupitishwa katika programu nyingine, kompaila, inayoyafasiri kuwa lugha ya mashine. Kompaila basi ni mkalimani. Thompson alieleza jinsi mkalimani huyo anavyoweza kufundishwa hila mbili. Ya kwanza, akikutana na programu inayopokea neno la siri la mtu anayetaka kuingia, aongeze kimyakimya neno jingine analolijua fundi peke yake. Ya pili ndiyo mbaya zaidi: akipewa kazi ya kumfasiri mkalimani mpya wa kushika nafasi yake, amrithishe hila zote mbili. Baada ya hapo fundi anaweza kuzifuta hila hizo katika maandishi. Mkaguzi atasoma herufi kwa herufi asione kitu, na mlango utabaki wazi vilevile. Kikulacho ki nguoni mwako, hata kama nguo umeifua na kuianika mwenyewe.

Funzo alilolitoa ni kwamba huwezi kuiamini kikamilifu programu ambayo hukuiunda yote kwa mikono yako. Sifa ya maneno haya ni kwamba yalisemwa na fundi aliyeijua kazi yake, tena akajihesabu yeye mwenyewe miongoni mwa wanaostahili kutiliwa shaka.

Lakini angalia, msomaji, anavyomalizia. Baada ya kutuonyesha seremala anayetengeneza mlango na kujiwekea ufunguo wa pili, Thompson anageuka na kuwakemea vijana wanaovunja kompyuta za watu, na magazeti yanayowasifu. Anasema kuingia katika kompyuta ya mtu kunapaswa kuonwa aibu sawa na kuivunja nyumba ya jirani, hata kama mlango haukufungwa. Ni kweli. Ila kosa la mwizi wa usiku ni jingine, na kosa la seremala ni jingine. Mhadhara ulifungua kesi ya seremala na ukatoa hukumu juu ya mwizi. Swali la nani atamkagua seremala, hasa akiwa na dola nyuma yake, likaachwa bila jibu.

Pengo hilo lilionekana wazi mwaka 1999. Andrew Fernandes, wa kampuni ya Cryptonym ya Kanada, alikuwa akichungua Windows NT. Mfumo huo ulikubali vipande vya programu za kuficha maandishi pale tu vinapokuwa na sahihi inayolingana na mojawapo ya funguo mbili zilizomo ndani yake. Katika toleo moja la marekebisho, lebo za mafundi zilisahauliwa bila kuondolewa, na lebo ya ufunguo wa pili ilisomeka _NSAKEY. NSA ni idara ya Marekani inayosikiliza mawasiliano ya dunia. Moto ukawaka. Microsoft ilijibu kwamba ufunguo huo ulikuwa wa akiba, kwamba haukupewa mtu mwingine, na kwamba jina lilitokana na NSA kuwa mkaguzi wa kiufundi wa sheria za kuuza nje programu za kuficha siri.

Nikizipima hoja za siku zile, naona pande zote mbili zilikosea njia. Washtaki walishika jina, wakasahau kwamba mwizi hachori jina lake mlangoni. Watetezi nao walisema NSA haina haja ya hila ya kipumbavu kama hiyo, nayo ni hoja yenye akili, lakini inahusu tabia ya mwizi, haihusu mlango. Wote walibishana juu ya nia, na nia ya mtu haiwekwi mezani ikapimwa. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Methali hii humfariji sana mwenye kushuku, kwa kuwa haimtaki athibitishe chochote.

Na kweli, jambo lilikuja, ila kwa njia nyingine. Mwaka 2006 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipitisha kanuni iitwayo Dual_EC_DRBG ya kutengeneza namba za nasibu, zile ambazo funguo za siri huzaliwa kwazo. Anayeweza kuzibashiri namba hizo amekwisha kuushika ufunguo. Mwaka 2007 Dan Shumow na Niels Ferguson, watumishi wa Microsoft yenyewe, walionyesha kwamba aliyezichagua namba za msingi za kanuni hiyo angeweza kuwa na uwezo huo. Walitamka wazi kwamba hawasemi NIST ilifanya makusudi. Walisema tu: mlango unaweza kuwapo, na mahali pake ni hapa. Kanuni hiyo iliingizwa hata ndani ya Windows, ingawa haikuwa ya kutumika bila kuchaguliwa. Mwaka 2013 nyaraka alizozitoa Edward Snowden ziliipa shaka hiyo uzito mkubwa, na mwaka 2014 NIST ikaiondoa.

Linganisha shutuma hizi mbili. Ya 1999 ilipiga kelele, ikaacha uvumi. Ya 2007 ilisemwa kwa sauti ya chini, bila kumtaja mkosaji, nayo ndiyo iliyosimama. Tofauti ni kwamba ya pili ilimpa msomaji kitu cha kukagua mwenyewe.

Mtu atauliza: na pale fundi alipouficha mlango kama Thompson alivyoeleza, ukaguzi utasaidia nini? Mwezi Machi 2024 tulipata mfano. Katika xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejitolea kusaidia kwa muda wa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa. Kisha akapandikiza njia ya siri. Sehemu ya kuiamsha haikuwamo katika hazina ya wazi ambayo kila mtu huisoma, bali katika kifurushi kilichotolewa tayari kwa kujengwa. Wapo walioshuku mkono wa serikali. Aliyeigundua ni Andres Freund, mhandisi aliyeona kuingia katika kompyuta kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuata uzi mpaka mwisho. Asingekuwa na ruhusa ya kufumua programu ile, nusu sekunde hiyo ingebaki kero tu.

Hapo ndipo naachana na Thompson. Yeye anatuacha tuchague nani wa kumwamini, na mtu wa kawaida, aliye karani, mwalimu au mfanyabiashara, hana namna ya kuwajua mafundi wa Marekani wala majasusi wao. Kumwambia aunde kila kitu mwenyewe ni kumwambia anyamaze. Analoweza kulidai, tena kwa haki, ni kwamba mlango uliouzwa kwake uweze kufunguliwa na kuchunguzwa na fundi mwingine asiyelipwa na seremala. Kampuni au serikali inayomkatalia fundi huyo asitazame haijathibitishwa kuwa na hatia, lakini nayo isituombe tuiamini kwa kiapo.