Uhuru wa Mkristo na Ujasiri wa Upendo
Katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, Martin Luther afundisha kwamba imani hutuweka huru mbele za Mungu, na upendo hutufanya watumishi wa jirani. Lakini mwaka 1525, wakulima wa Ujerumani walipodai wasimilikiwe tena na mabwana kwa kuwa Kristo amewakomboa wote, Luther aliwakemea kwamba wanaufanya uhuru wa Kikristo kuwa wa kimwili. Ni kweli, Injili si sheria ya dola. Hata hivyo, sehemu ya pili ya kitabu chake mwenyewe yampinga: humo, Mkristo huishi katika mwili kwa ajili ya jirani. Basi mhubiri asiishie kwenye uhuru wa moyoni. Upendo unaomwona jirani akionewa nyumbani au sokoni, ukanyamaza, bado umefungwa na hofu.